Ndani Kama Chumba: Istilahi za Nyumba na Usomaji wa Al-Inkishafi

Katika Kiswahili cha leo neno ndani ni kielezi. Mtu huingia ndani, kitu husahauliwa ndani, na hata taaluma ya kupanga na kupamba vyumba imepewa jina la usanifu wa ndani, kwa maana ya usanifu wa kila kilichomo baina ya kuta. Katika nyumba za mawe za Lamu na Pate neno hilohilo ni nomino. Ndani ni chumba. Kina mlango wake, boriti zake na watu wake wanaoruhusiwa kukitumia, na mgeni aliyekwisha kupita mlango mkubwa anaweza kuwa bado hajakaribia ndani hata kidogo. Msomaji asiyeijua tofauti hii anaweza kusema Kiswahili fasaha maisha yake yote bila kupungukiwa na kitu. Akifungua Al-Inkishafi, hata hivyo, atapotea njia ukumbini.

Shairi hilo la Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir, ambalo kwa kawaida hukadiriwa kuwa la mwanzoni mwa karne ya 19, limesifiwa kwa mengi: kwa wasia wake juu ya dunia ipitayo, kwa namna mshairi anavyousemesha moyo wake, kwa picha ya Pate iliyokuwa na fahari kisha ikaanguka. Sifa hizo ni za haki. Lakini wahakiki wengi huzichukulia beti zinazoeleza nyumba za matajiri wa Pate kama mifano tu ya wasia huo, na istilahi zilizomo, madaka, zango, msana, nyumba kati, kama vitu vya kufafanuliwa katika faharasa kisha kuachwa. Usomaji wa namna hiyo unapoteza sehemu kubwa ya shairi. Majina ya vyumba na ya vitu vya ukutani ndiyo yanayobeba hoja ya beti hizo. Asiyeyajua atalipata fundisho la mshairi, ila hataona fundisho hilo limejengwaje.

Hasara hii inawagusa zaidi wasomaji walio mbali na pwani. Matoleo yanayopatikana kwa urahisi katika maktaba za Ulaya na Marekani ni yale yenye tafsiri ya Kiingereza: urekebisho na tafsiri ya W. E. Taylor iliyotolewa pamoja na kitabu cha sarufi cha C. H. Stigand mwaka 1915, toleo la William Hichens la mwaka 1939, na lile la James de Vere Allen la mwaka 1977. Kila mmoja wao alifanya kazi ya kushukuriwa. Hata hivyo, tafsiri inapofika kwenye istilahi ya nyumba hulazimika kutafuta chumba kinachofanana katika nyumba ya Kiingereza, na nyumba ya Kiingereza haina chumba hicho. Msomaji aliyekulia London au Muscat, ambaye Kiswahili chake ni cha mazungumzo ya nyumbani, husoma ukurasa wa asili huku jicho moja likiwa kwenye tafsiri, na jicho hilo humwingiza katika nyumba nyingine kabisa.

Basi yafaa kwanza kuingia katika nyumba yenyewe. Nyumba ya mawe ya Lamu ya karne ya 18, kama ilivyopimwa na kuchorwa na Usam Ghaidan katika kitabu chake cha mwaka 1975 juu ya mji huo, na kama inavyoonekana hadi leo katika nyumba ya makumbusho iliyohifadhiwa mjini humo, huanza na daka. Hili ni baraza lenye paa mbele ya mlango, na kando zake zina viti vya mawe. Wageni wengi huishia hapo. Baada ya mlango kuna tekani, kipito kilichopindishwa ili macho ya njiani yasifike uani. Kisha kiwanda, ambacho hapa si mahali pa mashine bali ua ulio wazi kwa jua na mvua. Kando ya kiwanda kuna sabule, chumba cha mgeni wa kiume anayelala, kilichotengwa na maisha ya familia. Ng'ambo ya kiwanda ndipo nyumba yenyewe inapoanza: msana wa tini, yaani wa chini; msana wa yuu, yaani wa juu; kisha ndani; na nyuma ya ndani, nyumba kati, chumba cha mwisho kisicho na dirisha.

Maneno tini na yuu hayasemi habari za ghorofa. Vyumba vyote hivi vimo katika usawa mmoja wa nyumba, vimepangwa sambamba kimoja nyuma ya kingine, lakini sakafu hupanda kidogo kila mtu anapovuka kutoka kimoja kwenda cha pili. Kwa hiyo kuingia ni kupanda. Mwanga hufanya kinyume chake. Hutoka kiwandani, hupungua katika msana wa kwanza, hupungua tena katika wa pili, na katika nyumba kati huwa umekwisha. Kadiri mtu anavyopanda ndivyo giza linavyozidi na ndivyo idadi ya wanaostahili kuwapo inavyopungua.

Vyumba hivyo ni virefu na vyembamba, na wembamba huo haukuchaguliwa kwa uzuri. Dari hubebwa na boriti za mkoko, na boriti haiwezi kuvuka nafasi pana zaidi ya takriban mita 2.5 hadi 3. Wasomaji walioko Ghuba wanalijua jambo hili kwa jina jingine. Miti hiyohiyo ya mkoko ilisafirishwa kwa majahazi kutoka Lamu na delta ya Rufiji hadi Muscat, Bahrain na Kuwait, ambako iliitwa chandali, na vyumba vya nyumba za kale za huko vikapata upana uleule. Kabla ya kuwapo mtindo wa pamoja kulikuwa na mti wa pamoja.

Juu ya kuta za ndani, na kwa kiasi fulani katika msana, kuna zidaka. Hizi ni safu kwa safu za vijumba vidogo vilivyofanyizwa kwa chokaa yenye nakshi, ambavyo mara nyingine hufunika ukuta mzima kutoka karibu na sakafu hadi karibu na dari. Ndani ya kila kidaka kilikaa chombo: sahani ya sini, kikombe, kuzi, kitabu. Unguja neno lililozoeleka zaidi ni shubaka. Na ukutani palikuwa na zango, vitundikio vya mbao ambavyo katika nyumba za wenye uwezo vilitengenezwa kwa miti ya thamani.

Kwa kuwa sasa vyumba vina majina, shairi linaweza kusomwa upya. Katika beti za fahari mshairi hasemi tu kwamba watu hao walikuwa matajiri. Anafanya hesabu ya mali. Anataja taa, na kusema ni za kitu gani: za kowa, yaani bilauri angavu, na za sufuri. Anataja sini iliyochaguliwa na vikombe vilivyonakishiwa. Anataja zango na kuzitaja mbao zake, msaji na abunusi. Lugha yake hapa ni lugha ya mtu anayejua bei. Asemavyo ni kama karani wa mirathi anayepita chumba hadi chumba na kuandika kila kilichomo, na huenda ulinganisho huo si wa mbali, kwani mirathi huandikwa mwenye mali akishaondoka.

Kisha nyumba zinabaki tupu, na hesabu inafanywa mara ya pili. Jambo hili ndilo linalompita msomaji wa faharasa. Mshairi haachi istilahi zake na kuingia katika maneno ya jumla kama magofu, vumbi na ukiwa. Anarudi kwenye vitu vilevile kwa majina yaleyale na kueleza ni nani anayeishi humo sasa. Darini wananing'inia makinda ya popo. Madaka ambamo sahani zilikaa sasa yamelaliwa na makinda ya ndege, na bundi analia katikati. Zango za msaji na abunusi zimekuwa kitulio cha makinda ya vipungu. Nyumba kati inavuma mende, na katika kumbi za msana wanalia nyenje. Kumbi za nje zimegeuka majaa.

Mpangilio wa beti hutofautiana kidogo kutoka nakala moja hadi nyingine, lakini ndani ya ubeti huu wa mwisho mwelekeo ni wazi, na msomaji mwenye ramani ya nyumba kichwani hawezi kuukosa. Mshairi anaanza nyumba kati, anatoka katika msana, anamalizia kumbi za nje. Mgeni wa Pate alikwenda kinyume cha hapo: alianzia darakani, na ni wachache mno waliopata kujua kilichoko mwisho. Wenyeji huingia kwa daraja na kwa idhini, hatua kwa hatua kwenda juu. Uharibifu hauna haja ya kubisha hodi. Uko ndani tayari. Unaanzia pale palipofichwa kuliko pote na kutoka nje kuelekea njiani, hadi unapofika kwenye jaa ambalo kila mpita njia analiona. Katika tafsiri inayosema chumba cha ndani, ukumbi na kumbi za nje bila kueleza mpango wa nyumba, mstari huo wa safari unafutika, na kinachobaki ni orodha ya wadudu.

Nyumba kati yenyewe inastahili kutazamwa zaidi. Katika tafiti alizofanya Lamu, ambazo matokeo yake yalitolewa katika miaka ya 1980, Linda Donley-Reid alieleza kwamba chumba hiki ndicho kilichohusishwa na kuzaa na kuosha maiti. Kama ni hivyo, basi mshairi anapowaweka mende humo hasemi habari ya uchafu peke yake. Anawaweka katika chumba ambamo ukoo uliingia duniani na kutoka duniani. Sauti inayovuma humo sasa imechukua nafasi ya sauti mbili: kilio cha mtoto na kilio cha waliofiwa. Katika shairi ambalo sehemu yake kubwa inahusu kaburi na akhera, kuchagua chumba hicho kati ya vyumba vyote vya nyumba hakuwezi kuwa bahati.

Vivyo hivyo na zidaka. Ziko fasiri mbili kuu juu ya kazi yake. Ya kwanza ni kwamba zilikuwa za kuonyesha mali: sini ilitoka mbali, ilikuwa ghali, na ukuta wenye vijumba mia uliieleza jamii kwamba mwenye nyumba ana mikono mirefu baharini. Ya pili, ambayo Donley-Reid aliitetea, ni kwamba zidaka na vyombo vyake vilikuwa kinga. Viliwekwa kwa wingi zaidi kuelekea ndani kwa sababu huko ndiko kulikokuwa na uzazi na mauti, na uzuri wao ulivuta jicho baya ili lisimfikie mtu. Fasiri hizi si lazima zigombane. Zinabadilisha, hata hivyo, uzito wa picha ya mshairi. Kwa fasiri ya kwanza, ndege aliyelala katika daka la sahani ni kejeli juu ya utajiri: onyesho limebaki bila cha kuonyesha. Kwa fasiri ya pili, ndege huyo ni ushahidi kwamba kinga imeshindwa, na kwamba kile kilichozuiwa kwa chokaa na sini kimepita na kufanya kiota palepale pa ulinzi. Mhakiki anayetafsiri neno hilo kama tundu la ukutani amekwisha kuzifunga fasiri zote mbili kabla ya mjadala kuanza.

Neno lenyewe linaleta taabu ya ziada. Mshairi ametumia madaka, si zidaka. Anayejua kwamba Lamu ya leo daka ni baraza la mlangoni anaweza kufikiri kwamba ndege wamelala nje, mbele ya mlango. Kinachomzuia asipotee ni neno zisahani lililoambatanishwa nalo: daka la sahani haliwezi kuwa la kukalia watu. Daka na kidaka ni neno moja katika ukubwa na udogo. Vyote viwili ni nafasi iliyokatwa ukutani ili kupokea kitu, daka likipokea wageni na kidaka kikipokea vyombo. Nyumba inaanza na nafasi ya kupokea na kuishia na nafasi za kupokea. Hilo halisemwi na mshairi kwa maneno. Limo katika msamiati aliourithi, naye anautumia kama mtu atumiaye mlango wa nyumba yake, bila kuutazama.

Swali linalofuata ni kwa nini msomaji wa leo hana msamiati huo. Jibu rahisi ni kwamba nyumba zimebadilika, na ni jibu la kweli kwa sehemu. Lakini kuna historia ya maneno pia, na mwaka 1939 unaionyesha vizuri. Katika mwaka huo huo ambao Hichens alitoa toleo lake la Al-Inkishafi, ilitoka pia kamusi kubwa ya Kiswahili Sanifu na Kiingereza iliyoandaliwa chini ya Frederick Johnson kwa ajili ya Kamati ya Lugha, ambayo ilikuwa imeundwa mwaka 1930. Msingi wa usanifishaji ulikuwa Kiunguja. Kwa hiyo shairi na kamusi vilimfikia msomaji kwa pamoja, lakini vikiwa na nyumba mbili tofauti: moja ikisema zidaka, tini na yuu, nyingine ikisema vidaka, chini na juu. Si sauti tu iliyobadilika. Msamiati wa nyumba ya Kiamu uliingia katika fungu la lahaja, yaani katika fungu la maneno yanayohitaji maelezo, na neno likishahitaji maelezo huacha kuwa chombo cha kazi.

Hapa lugha ina kinaya chake. Kitenzi sanifu kimezaa Kiswahili Sanifu na kimezaa usanifu wa ndani. Kusanifisha lugha na kupanga nyumba ni kazi zenye jina moja, na zote mbili ni kazi za kuamua ni nini kikae wapi na ni nini kiondolewe. Baraza nalo, ambalo asili yake ni kiti cha mawe mbele ya nyumba, limepanda cheo hadi kuwa jina la mkutano, la mawaziri na la vyombo vya dola. Baraza la Kiswahili la Taifa, lililoanzishwa Tanzania mwaka 1967, ndilo linaloamua istilahi za taaluma mbalimbali, nalo lenyewe limeketi juu ya istilahi ya nyumba.

Maneno mengine yamehama kimyakimya. Ukumbi umekuwa mahali pa harusi na makongamano. Mtu akisoma kumbi katika Al-Inkishafi huenda akaona viti vya plastiki na kipaza sauti. Kiwanda kimechukuliwa na viwanda. Daka humkumbusha kijana golikipa. Lakini hakuna lililosafiri kama sebule. Katika nyumba ya Lamu sabule ilikuwa nje ya maisha ya familia, ng'ambo ya ua, na kazi yake ilikuwa kumkirimu mgeni bila kumwingiza nyumbani. Wasomaji walioko Oman hawawezi kulisikia neno hili bila kuikumbuka sabla, mahali pa wanaume wa kijiji kukutana, kushauriana, kupokea rambirambi na kukaribisha wageni. Katika Kiswahili cha leo, sebule ni chumba cha katikati cha nyumba, penye sofa, zulia na televisheni, ambamo mama, watoto na mgeni hukaa pamoja. Neno lililokuwa mpaka kati ya mgeni na familia sasa ni jina la mahali wanapochangamana. Mtu hahitaji kulalamikia mabadiliko hayo ili kuyaona.

Kwa kweli malalamiko yangekuwa njia mbaya ya kuendeleza hoja hii. Yuko msomaji atakayesema, na ana haki ya kusema, kwamba nyumba ya msana na nyumba kati ilikuwa nyumba ya wachache. Ilijengwa na kuendeshwa kwa jasho la watumwa, iliwafungia wanawake wa waungwana katika vyumba visivyo na dirisha, na watu wengi wa pwani waliishi katika nyumba za udongo na makuti zenye istilahi zao wenyewe, za fito, kiambaza na ukumbi wa kati, ambazo hakuna aliyeziandikia shairi. Kwa nini basi msomaji wa leo aone hasara? Pingamizi hili lina uzito, lakini linaisaidia hoja badala ya kuibomoa. Istilahi za nyumba ndizo zinazoonyesha kwamba fahari ya Pate ilikuwa na mpangilio wa nani aishie wapi. Neno la jumla kama nyumba au jumba linaficha jambo hilo. Neno tekani linalifichua. Mwanafunzi anayetaka kuiuliza Al-Inkishafi maswali makali juu ya utumwa na jinsia atahitaji ramani hiyo kuliko yule anayetaka kuisifu.

Hatari kubwa zaidi ya leo inatoka upande mwingine, kwa wale wanaolipenda neno zidaka kupita kiasi. Tangu mji wa Lamu ulipoingizwa katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 2001, mwaka mmoja baada ya Mji Mkongwe wa Zanzibar, ukuta wenye vijumba vya chokaa umekuwa alama ya kile kinachouzwa kwa jina la mtindo wa Kiswahili. Upo katika vyumba vya hoteli, katika migahawa, katika picha za majarida ya mapambo. Mara nyingi umewekwa pale mgeni anapoingilia, kwenye mapokezi, kwa sababu ni kitu kizuri na kizuri hutangulizwa mbele. Katika nyumba iliyouzaa ulikuwa mwisho wa safari. Kilichonakiliwa ni umbo la kidaka bila sarufi yake. Mtu anaweza kujifunza istilahi zote za mapambo ya pwani kutoka katika majarida hayo na bado asiweze kuusoma ubeti mmoja wa Sayyid Abdalla, kwa kuwa katika majarida zidaka ni kitu cha kutazamwa, ilhali katika shairi zidaka ni mahali.

Kitu kinapoachana na mahali pake, fasihi ya pwani ina shahidi wa karibu zaidi, ingawa ameandika kwa Kiingereza. Katika riwaya ya Abdulrazak Gurnah, By the Sea, iliyotoka mwaka 2001, Saleh Omar alikuwa mfanyabiashara wa samani Zanzibar kabla ya kuwa mkimbizi Uingereza. Yeye ndiye aliyejua mbao, kazi ya fundi na thamani ya kitu cha kale, na wateja wake walikuwamo Wazungu waliotaka kurudi kwao na kipande cha pwani. Ugomvi unaozigawa familia mbili katika riwaya hiyo ni wa nyumba na vilivyomo, na meza ndogo ya mpingo inabeba uchungu mkubwa kuliko umbo lake. Abunusi ya Sayyid Abdalla na mpingo wa Gurnah, zote mbili mbao nyeusi za thamani, zinafanya kazi moja katika maandishi yaliyotenganishwa na karibu karne mbili: zinabaki baada ya watu, na kubaki kwake ni mashtaka.

Riwaya nyingine ya Gurnah, Paradise, imekwisha kutafsiriwa na Ida Hadjivayanis kwa jina la Peponi, nayo ilitolewa mwaka 2022. Kila kazi ya Gurnah itakayofuata njia hiyo itaukuta msamiati wa nyumba ukimngojea mfasiri mlangoni. Samani ambazo katika Kiingereza ni bidhaa za kale zitatakiwa kurudishiwa majina ambayo bibi wa mwandishi angezitaja kwayo: almari, takia, foronya, kiti cha enzi. Mfasiri akiwa na meza na kabati tu, nyumba ya Saleh Omar itafanana na nyumba yoyote.

Nini basi kifanywe kwa Al-Inkishafi? Mahitaji si makubwa. Toleo jipya lenye kuwajali wasomaji wa mbali lingeanza na mchoro wa nyumba kabla ya ubeti wa kwanza, wenye majina ya vyumba kwa Kiamu, mishale ya mwanga na alama za ngazi za sakafu. Tafsiri, ya Kiingereza au ya Kiswahili Sanifu, ingeyaacha maneno msana, nyumba kati, zidaka na zango kama yalivyo, kwa imani kwamba msomaji aliyekwisha kuiona nyumba hatayaogopa. Maelezo yangekaa kando ya ubeti, si mwisho wa kitabu, ili jicho lisilazimike kutoka chumbani kila mara. Na wanaosema Kiamu hadi leo, ambao wengine wanaishi katika nyumba hizi au wamelelewa nazo, wangeulizwa, kwa kuwa kwao baadhi ya istilahi hizi bado ni anwani za kila siku: kitu fulani kiko ndani, kalete.

Yote haya yanarudi kwenye jambo moja ambalo shairi lenyewe linalifundisha kuhusu msamiati wake. Sayyid Abdalla aliona kwamba chumba hakibaki kitupu. Wenyewe wakiondoka, wengine huingia, na jina la chumba hubaki likiwataja wageni wapya. Ndivyo ilivyokuwa kwa maneno yake pia. Ukumbi umepangwa na makongamano, kiwanda na mashine, baraza na serikali, sebule na familia nzima. Tofauti ni kwamba katika shairi wapangaji wapya ni popo na mende, na katika lugha ni watu wanaoendelea kuishi. Lugha haikuwa gofu. Lakini anayekaa katika nyumba ya zamani hupata faida akijua chumba anacholala kilikuwa cha nani, na anayesoma Al-Inkishafi hana budi kujua kwamba mshairi aliposema nyumba kati alikuwa na mlango mmoja mahsusi mbele ya macho yake, na kwamba alikuwa amekwisha kuufungua.